Elfu Sita za Mwanafunzi: Jinsi Shule za Umma Tanzania Zinavyopata na Kutumia Fedha

Shule ya msingi ya umma yenye wanafunzi 600 nchini Tanzania inapokea kwenye akaunti yake ya benki shilingi 3,600,000 kwa mwaka kwa ajili ya uendeshaji. Hesabu yake ni nyepesi: shilingi 6,000 kwa kila mwanafunzi. Zikigawanywa kwa miezi 12 zinabaki 300,000 kwa mwezi, fedha ambazo hazifiki hata kima cha chini cha mshahara wa mtumishi mmoja wa umma, kilichopandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Kwa fedha hizo mwalimu mkuu anunue chaki na karatasi, achapishe mitihani, azibe bati linalovuja na kulipa umeme.

Hata hivyo ni makosa kusema shule hiyo inagharimu taifa milioni 3.6 kwa mwaka. Ina walimu, tuseme kumi. Hata kila mmoja angelipwa kima cha chini tu, mishahara yao ingekuwa milioni 5 kwa mwezi, sawa na milioni 60 kwa mwaka, nao kwa kweli wanalipwa zaidi ya hapo. Ina madarasa, vitabu, vyoo na nyumba moja au mbili za walimu. Vyote hivyo ni fedha za umma, ila hazikupita kwenye akaunti ya shule. Hilo ndilo jambo la kwanza la kuelewa kuhusu fedha za shule za umma: sehemu kubwa ya fedha hizo shule yenyewe haizioni, haizigusi, wala haiulizwi zitumikeje.

Chanzo kikuu ni Hazina. Kodi ya ongezeko la thamani, kodi ya mapato, ushuru wa forodha, mikopo na misaada vyote huingia katika Mfuko Mkuu wa Hazina, kisha Bunge hugawa kupitia bajeti inayoanza Julai Mosi kila mwaka. Hakuna kodi maalumu inayokatwa kwa jina la shule ya msingi au sekondari, ingawa mara kadhaa mapato fulani yameelekezwa huko kwa makusudi. Tozo ya miamala ya simu, iliyoanza Julai 2021 na kulalamikiwa nchi nzima, ilitetewa na Serikali kwa kuonyesha madarasa yaliyojengwa kwa mapato yake. Kabla ya hapo, mwaka 2012, kampuni ya BAE Systems ya Uingereza ililipa Tanzania pauni milioni 29.5 kufuatia kashfa ya ununuzi wa rada. Wananchi waliziita chenji ya rada, na zilikwenda kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Mwaka 2016 Bunge nalo lilitoa shilingi bilioni 6 lilizobana kwenye matumizi yake ili zinunue madawati. Mambo haya hujaza magazeti kwa wiki mbili, lakini shule haiendeshwi kwa chenji. Inaendeshwa kwa fungu linalorudi kila mwezi.

Fungu hilo hugawanyika kati ya wizara mbili. Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia inashika sera, mitaala na uthibiti ubora. Ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, maarufu kwa jina la TAMISEMI, ndiyo inayosimamia shule zenyewe kupitia halmashauri za wilaya, miji, manispaa na majiji. Kwa hiyo mzazi anayelalamika kwamba darasa halina mwalimu analalamikia TAMISEMI na halmashauri yake, na anayelalamikia kilichomo kwenye kitabu analalamikia Wizara ya Elimu. Zanzibar ina utaratibu wake, kwa kuwa elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano; huko elimu ilitangazwa kuwa bure mwaka 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi.

Kati ya matumizi yote, mshahara wa mwalimu ndio mzigo mkubwa kupita vyote. Hulipwa na Hazina moja kwa moja kwenye akaunti ya mwalimu. Mwalimu mkuu hana uwezo wa kumwajiri wala kumpunguzia, na halmashauri yenyewe haiwezi kuongeza nafasi bila kibali cha ajira kutoka Serikali Kuu. Utaratibu huu una faida yake. Mwalimu wa Tunduru na mwalimu wa Kinondoni wenye daraja moja wanapata mshahara uleule, na mshahara hautegemei utajiri wa wilaya. Hapa Tanzania inatofautiana sana na Marekani, ambako sehemu kubwa ya fedha za shule hutokana na kodi za majengo za eneo husika, hivyo mtaa wenye nyumba za bei kubwa huwa na shule zenye fedha nyingi.

Lakini una hasara isiyosemwa sana. Kwa kuwa fedha nyingi zaidi za shule humfuata mwalimu, mwalimu akihama fedha zinahama naye. Shule ya pembezoni iliyopangiwa walimu kumi, wanne wakaomba uhamisho kufuata wenzi wao au kutafuta matibabu mjini, imepoteza karibu asilimia 40 ya fedha ilizokuwa ikigharimiwa na Serikali. Hakuna kikao kilichokaa kuipunguzia bajeti, wala hakuna mkaguzi atakayeiandika kama hasara. Anayetaka kujua shule ipi inapendelewa na ipi imesahauliwa asianzie kwenye taarifa ya benki. Aanzie kwenye orodha ya walimu iliyobandikwa ofisini. Serikali yenyewe inalitambua tatizo hili. Katika mpango wa Lipa Kulingana na Matokeo ulioanza mwaka 2014, ambapo Benki ya Dunia, Uingereza na Sweden walitoa fedha baada ya malengo kufikiwa, uwiano wa walimu kati ya shule na shule ulikuwa mmoja wa vigezo vya malipo.

Fedha zinazofika shuleni zenyewe huitwa ruzuku ya uendeshaji, na walimu wengi huziita kapitesheni. Historia yake ni ya kwenda na kurudi. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973, ukafuata msukumo wa Elimu ya Msingi kwa Wote baada ya Azimio la Musoma la 1974. Uchumi ulipoyumba miaka ya 1980, uchangiaji wa gharama ulirudi, na katika miaka ya 1990 idadi kubwa ya watoto walibaki nyumbani. Ada ikafutwa tena mwaka 2001, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ukaanza mwaka 2002. Kati ya mwaka 2000 na 2007 wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka takriban milioni 4.4 hadi milioni 8.3. Ili shule zisikose fedha zilizokuwa zikitoka kwa wazazi, MMEM iliweka ruzuku ya dola 10 kwa kila mwanafunzi, wakati huo sawa na takriban shilingi 10,000.

Kiwango hicho cha shilingi 10,000 ndicho kilichoendelea kutumika kwa miaka mingi baadaye. Dola zake kumi zimeshuka hadi takriban nne. Rimu ya karatasi na mfuko wa saruji havikusubiri.

Hata hizo elfu kumi hazifiki zote. Shilingi 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu vinavyonunuliwa na kusambazwa kwa pamoja, na 6,000 ndizo zinazoingia shuleni. Sababu ya kubakiza fedha za vitabu inaeleweka: Serikali inaponunua mamilioni ya nakala kwa mkupuo mmoja bei hupungua, na kitabu kilichohaririwa na Taasisi ya Elimu Tanzania kinakuwa kimoja nchi nzima. Ila shule ambayo vitabu vyake vya hisabati vimeliwa na mchwa haiwezi kununua vingine kwa fedha hizo; inasubiri mgawo.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja mwishoni mwa 2015. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka huo, uliotekeleza Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, ulifuta ada na michango ya lazima kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne. Januari 2016 Serikali ilianza kutuma shilingi bilioni 18.77 kila mwezi kwa ajili ya mpango huo. Kilichosikika zaidi mitaani ni elimu bila malipo. Lakini ndani ya ofisi za shule, habari kubwa ilikuwa nyingine: ruzuku iliacha kupitia halmashauri, ambako ilikuwa ikichelewa na kupungua, ikaanza kuingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kila shule na kila mwezi. Mwalimu mkuu aliyekuwa akifunga safari kwenda wilayani kuuliza kama fedha zimefika, sasa anaulizia benki.

Kwa kuwa ruzuku huhesabiwa kwa kichwa cha mwanafunzi, takwimu za uandikishaji ziligeuka kuwa fedha. Haikupita muda wakajitokeza wanafunzi hewa, yaani majina ya watoto waliohama, walioacha shule au wasiokuwepo kabisa, yaliyobaki kwenye orodha ili fungu lisipungue. Uhakiki wa mwaka 2016 uliwakuta katika mikoa mbalimbali, na baadhi ya walimu wakuu wakavuliwa madaraka.

Matumizi ya zile elfu sita yamewekewa mafungu: vifaa vya kufundishia, mitihani, utawala, michezo na ukarabati mdogo. Mwalimu mkuu hajipangii peke yake. Kamati ya Shule katika shule ya msingi, au Bodi ya Shule katika sekondari, hupitisha mpango wa matumizi, na hundi haisainiwi na mtu mmoja. Kwenye karatasi utaratibu ni mzuri. Kwa vitendo, mitihani ndiyo inayomeza fedha nyingi, hasa kwa darasa la nne na la saba, maana majaribio ya kila mwezi yanahitaji karatasi, wino na mashine. Ukarabati hupata kinachobaki. Kazi ya kuandika vitabu vya hesabu katika shule nyingi za msingi hufanywa na mwalimu wa kawaida aliyepewa jukumu hilo baada ya vipindi vyake, bila kusomea uhasibu. Mfumo wa kielektroniki wa uhasibu na utoaji taarifa kwa vituo vya huduma, ujulikanao kama FFARS na kuzinduliwa mwaka 2017, ulilenga kuwarahisishia kazi hiyo.

Juu ya ruzuku, mpango wa elimu bila malipo uliongeza posho ya madaraka, na hili lilikuwa jambo la haki lililochelewa. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi hupata shilingi 200,000 kwa mwezi, mkuu wa shule ya sekondari 250,000, na afisa elimu kata 250,000. Sehemu ya fedha hizi iliziba mwanya wa nauli na simu ambazo zamani zilichotwa kwenye fedha za wanafunzi.

Sekondari zina hali nafuu kidogo. Ruzuku yake ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi, nusu ikibaki kwa vitabu na nusu, yaani 12,500, ikienda shuleni. Zaidi ya hapo Serikali hulipa fidia ya ada, shilingi 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa, badala ya ada iliyokuwa ikilipwa na mzazi. Sekondari ya kata yenye wanafunzi 400 kwa hiyo hupata milioni 5 za ruzuku na milioni 8 za fidia, jumla milioni 13 kwa mwaka. Inazihitaji, kwa sababu maabara ya kemia haifundishi kwa chaki tu. Kwa shule za bweni kuna fungu la chakula, lililopangwa kuwa shilingi 1,500 kwa mwanafunzi kwa siku. Anayejua bei ya kilo ya maharage sokoni anaweza kujipigia hesabu ya chai, mchana na usiku. Serikali hulipa pia ada ya mitihani ya taifa kwa Baraza la Mitihani, na kuanzia mwaka wa fedha 2022/23 ada ya kidato cha tano na sita nayo ilifutwa.

Majengo yana mkondo wake wa fedha. Kwa miongo mingi desturi ilikuwa wananchi waanze: kijiji kinakusanya mawe, mchanga na nguvu, kinainua boma hadi kwenye lenta, kisha halmashauri inapaua na kumalizia. Sekondari nyingi za kata zilizojengwa chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza mwaka 2004, zilizaliwa hivyo. Na maboma mengi yalibaki bila paa miaka nenda rudi, kwa sababu ahadi ya halmashauri ilitegemea makusanyo ya ndani: ushuru wa mazao, leseni, ada za masoko. Halmashauri yenye mgodi au jiji lenye biashara ilipaua haraka. Ile ya wakulima wa mihogo ilisubiri. Ukosefu wa usawa ambao mfumo wa mishahara ya taifa ulitaka kuuzuia uliingia kupitia kwenye paa.

Tangu 2021 Serikali Kuu imechukua sehemu kubwa ya mzigo huo, kwa mkopo. Kati ya shilingi trilioni 1.3 zilizotoka Shirika la Fedha la Kimataifa kukabili athari za UVIKO-19, yalijengwa madarasa 15,000, yaani 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi (shule ndogo zilizo chini ya shule mama), kila moja kwa shilingi milioni 20. Miradi ya SEQUIP kwa sekondari na BOOST kwa shule za awali na msingi ilifuata, kila mmoja ukiwa na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500. Ujenzi hufanywa kwa utaratibu wa force akaunti: shule hupokea fedha, huunda kamati za ujenzi, ununuzi na mapokezi, hununua vifaa na kuajiri fundi wa karibu badala ya mkandarasi. Gharama hupungua. Lakini mwalimu wa Kiswahili anajikuta akihesabu nondo na kupokea saruji saa tatu usiku, na mkaguzi akija ndiye anayejibu.

Mzazi yuko wapi katika yote haya? Waraka Namba 3 wa mwaka 2016 ulifafanua: sare, madaftari, kalamu, matibabu na chakula cha mchana kwa mtoto wa kutwa ni vya mzazi. Kwa hiyo neno bila malipo lina mipaka. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango yote shuleni baada ya malalamiko ya watoto kurudishwa nyumbani. Aliyetaka kuchangia alielekezwa kwa mkurugenzi wa halmashauri, asimkabidhi mwalimu. Marufuku hiyo ilimlinda mzazi maskini. Vilevile iliziacha shule na gharama zisizo na kasma: mlinzi, mpishi, kuni, mwalimu wa kujitolea. Ruzuku haiwatambui, na shule haiwezi kuishi bila wao. Katika maeneo mengi michango imerudi kwa mlango wa mkutano wa wazazi, safari hii ikiitwa makubaliano, na hulipwa kwa debe la mahindi au shilingi mia kadhaa za uji.

Kenya imepita njia inayofanana. Elimu ya msingi bila ada ilianza mwaka 2003 kwa shilingi za Kenya 1,020 kwa mwanafunzi, zikagawanywa katika akaunti mbili, 650 za vifaa vya kujifunzia na 370 za matumizi ya jumla. Sekondari ya kutwa ilifuata mwaka 2008, na kufikia 2018 kiwango kilikuwa 22,244. Ni kikubwa kuliko cha Tanzania kwa mbali, lakini ahadi kubwa ina taabu yake: Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba Hazina haiwezi kulipa kiwango hicho chote, jambo ambalo wakuu wa shule waliokuwa wakidaiwa na wauza vyakula walilijua zamani.

Kutuma fedha ni hatua moja, fedha kufika ni nyingine. Uganda ndiyo iliyotoa somo linalonukuliwa zaidi duniani. Uchunguzi wa ruzuku za shule za msingi kati ya 1991 na 1995 ulionyesha kwamba kwa wastani asilimia 13 tu zilifika shuleni. Shule nyingi hazikupata hata shilingi. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya na kuzitaka shule zibandike taarifa zao ukutani. Kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 zilikuwa zikifika. Wachambuzi wa baadaye walisema magazeti hayakufanya kazi peke yake, kwani mageuzi mengine yalikuwa yakiendelea, lakini hakuna aliyetetea kurudi kwenye siri.

Na fedha zikifika, je, mtoto anajifunza zaidi? Jibu linaudhi. Katika utafiti wa KiuFunza ulioendeshwa na Twaweza pamoja na wachumi mwaka 2013 na 2014 katika shule 350 za wilaya 10 za Tanzania, baadhi ya shule zilipewa shilingi 10,000 za ziada kwa kila mwanafunzi. Matokeo ya watoto hayakubadilika, na wazazi, walipoona shule imepata, walipunguza walichokuwa wakitumia wenyewe. Katika shule ambazo fedha hizo ziliambatana na bakshishi kwa walimu kulingana na ujuzi wa watoto wao, matokeo yalipanda. Haimaanishi kwamba chaki haina kazi. Inamaanisha kwamba chaki hufanya kazi mkononi mwa mwalimu aliyeingia darasani na mwenye sababu ya kuhangaika.

Ukaguzi wa fedha hizi hufanywa na mkaguzi wa ndani wa halmashauri na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye ripoti yake husomwa kila mwaka. Lakini nchi yenye maelfu ya shule haiwezi kupeleka mkaguzi kila moja kila mwaka. Aliye karibu zaidi ni mzazi. Shule ya umma inatakiwa kubandika kwenye ubao wa matangazo kiasi ilichopokea na ilivyokitumia, na Kamati ya Shule ina wajumbe waliochaguliwa na wazazi wenyewe. Mzazi anayefika shuleni aulize mambo mawili: mwezi huu zimeingia shilingi ngapi, na walimu waliopo leo ni wangapi kati ya waliopangiwa. Swali la pili lina fedha nyingi zaidi ndani yake kuliko la kwanza.